Alizaliwa Wakati wa Mbelgiji: Kisa cha Nyumba Moja ya Ujiji

Mdogo wangu, mtoto wa Baba Mdogo, amezaliwa Ujiji, amesoma Ujiji, ameoa Ujiji. Siku alipoitwa kwenye ofisi moja athibitishe kuwa ni raia, maswali mawili tu yalitosha kumzamisha. Kabila lako? Akajibu bila kufikiri: Mmanyema. Bibi yako mzaa baba alizaliwa lini? Akajibu kama alivyosikia nyumbani tangu utotoni: wakati wa Mbelgiji. Karani akaandika neno moja pembeni mwa karatasi, akalipigia mstari chini. Kongo.

Kulifuta neno hilo kulichukua miezi 14. Bahasha niliibeba mimi, kwa kuwa nafundisha historia na ukoo mzima uliamua kwamba kazi hii ni ya mwalimu. Naeleza hapa shauri lilivyokwenda, maana karibu kila nyumba ya mtaa wetu ina kisa cha namna hii, na vijana wanaendelea kuyajibu maswali yale mawili vilevile.

Upande wa sheria ni mwepesi. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mtu aliyezaliwa ndani ya nchi, na angalau mzazi wake mmoja naye akazaliwa ndani ya nchi, aliamka raia bila kuomba. Baba Mdogo alizaliwa Ujiji mwaka 1948 na hilo hakuna aliyelibishia. Babu alivuka ziwa akiwa kijana, kwa hiyo hakutufaa kitu. Shauri lote likamwangukia Bibi, ambaye amelala makaburini miaka mingi. Alizaliwa wapi?

Sasa huyo Mbelgiji. Wazee wa kwetu hawakuhesabu miaka kwa tarakimu, walihesabu kwa wakubwa: wakati wa Mjerumani, wakati wa Mbelgiji, wakati wa Mwingereza. Kati yao hao Mbelgiji ndiye anayesahaulika, kwa sababu vitabu vya shule vinaruka kutoka Mjerumani moja kwa moja hadi Mwingereza. Lakini Kigoma haikuruka. Mwishoni mwa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao, Graf von Goetzen, ile ambayo Waingereza waliiibua na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Wakapanda treni wakaondoka, na majeshi ya Kongo ya Ubelgiji yakaingia. Yalikaa hadi 1921. Kwa miaka hiyo mtoto wa Ujiji alizaliwa chini ya bendera ya Ubelgiji bila mama yake kuvuka hata mto Luiche. Bibi alikuwa anataja mwaka, karani akasikia nchi.

Hilo nililieleza kwa barua ya ukurasa mmoja, wakalikubali haraka kuliko nilivyotazamia. Neno la pili, Mmanyema, ndilo lililotutoa jasho.

Ukimwuliza Mmanyema wa Ujiji asili yake, atanyoosha mkono magharibi, ng'ambo ya ziwa, mpaka kwenye mto Lualaba, nchi ya Nyangwe na Kasongo. Ni kweli. Lakini nenda huko Lualaba enzi zile uwatafute watu wanaojiita Wamanyema kama kabila moja. Utakutana na Wakusu, na Wazimba, na Wabangubangu, kila mmoja na lugha yake. Manyema lilikuwa jina la nchi midomoni mwa wafanyabiashara wa misafara. Waliotolewa huko wakafika Ujiji wakiwa mchanganyiko: hamali, askari wa msafara, wake, watumwa, wafanyabiashara wadogo. Pamoja nao wakaja watu wa mwambao wa ng'ambo, Wabwari, Wagoma, Waholoholo, Wabembe. Huku ndiko walikojifunza Kiswahili, wakasilimu, wakaoana, wakaanza kuitana kwa jina moja. Kwa hiyo Mmanyema kama mtu wa kabila, mwenye wazee wake na ngoma zake, ametengenezwa Ujiji. Ndiyo maana jibu la mdogo wangu lilikuwa uthibitisho wa Ujiji wake, likageuka kuwa ushahidi dhidi yake.

Lieleze hilo kwenye mstari mmoja wa fomu, kama unaweza. Mimi nilijaribu mara tatu.

Mji wenyewe ulikuwa wa kuja tangu mwanzo. Burton na Speke walipofika Februari 1858, Waarabu na watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuweka kituo Kawele, mmoja wa mitaa ya zamani, wakisubiri pembe na watumwa kutoka ng'ambo. Wenyeji, Waha wa hapa wanaoitwa Wajiji, walikuwa na wakubwa wao na wateko wao, wenye kauli juu ya ardhi, na mgeni alilazimika kupita kwao. Soko lilikuwa kubwa: mawese, samaki, chumvi ya Uvinza, mihogo, watu. Mwingereza Cameron aliyepita mwaka 1874 aliacha maelezo ninayoyapenda. Fedha ya soko la Ujiji ilikuwa shanga zinazoitwa sofi, mfano wa vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Asubuhi soko likifunguliwa, kulikuwa na watu wenye mifuko ya sofi wanaokubadilishia shanga zako, na jioni wanazinunua tena kutoka kwa wauzaji, faida wakiipata kwenda na kurudi. Nikiwaona leo wanaobadilisha faranga na shilingi mwaloni nawakumbuka watu wale.

Mgeni akija Ujiji hupelekwa kwenye mnara wa Livingstone, pale alipokutana na Stanley mwaka 1871, akaonyeshwa miembe, akapigwa picha, akarudishwa hotelini Kigoma. Hakuna ubaya. Ila katika maelezo ya Stanley kuna jambo ambalo waongoza wageni hulipita: Livingstone alimketisha barazani. Baraza ya udongo, chini ya upenu mpana, mkeka juu yake na ngozi ya mbuzi, na ngozi nyingine imepigiliwa ukutani ili mgongo usiguse udongo wa baridi. Mzungu aliyekuwa amerudi kutoka Nyangwe, alikoshuhudia watu wakiuawa sokoni mwezi Julai mwaka uleule, alikuwa amejifunza kukaa kama mtu wa Ujiji. Baraza ile ndiyo inayonihusu mimi zaidi ya mwembe.

Maana nyumba yetu nayo inaanzia barazani. Iko Kitongoni. Ukiwa barabarani unaona safu moja ya mabati yenye kutu, baraza moja ndefu, milango miwili. Mgeni hudhani ni nyumba mbili zilizobanana, kama zilivyo nyingi za mtaa ule, bega kwa bega, upenu juu ya upenu. Ni nyumba moja iliyogawanywa. Ukipita mlango wa kushoto unaingia ukumbini, vyumba vitatu upande mmoja tu, halafu uani. Upande wa pili wa ukumbi, ambako nyumba nyingine za Kiswahili zingekuwa na vyumba vingine vitatu, kuna ukuta mtupu. Nyuma ya ukuta huo ni ukumbi wa jirani, na vyumba vyake vitatu. Fito na udongo kwa ndani, tofali mbichi pale mvua ilipokula, na plasta ya simenti upande wa barabarani, aliyoipiga Baba Mkubwa mwaka aliouza michikichi yake.

Hakuna Muha wa vilimani aliyejenga hivi. Wao walijenga msonge, nyumba ya duara, katikati ya migomba yake, mbali na jirani. Nyumba ya pembe nne inayotazama njia imetoka pwani pamoja na misafara, na aliyeijenga alikuwa anasema jambo: mimi ni mtu wa mji, nina mlango wangu, nina baraza ambapo mtu akinisalimu hunikuta nimekaa.

Uani, jikoni, kwenye ukuta wa kati, kuna kidirisha cha ukubwa wa sinia. Kimewekwa chini, usawa wa mwanamke aliyekaa kwenye kigoda. Kingo zake zimelainika na kuwa nyeusi kama chungu cha zamani, kwa mikono na moshi. Kilikuwa cha kupitishia kaa la moto, chumvi, bakuli la mawese, na umbea, hasa umbea. Kiliwahi kuzibwa mara moja kwa ugomvi wa kuku. Ulipotokea msiba kikafunguliwa, na tangu hapo hakijazibwa. Upande wa pili anakaa mama mmoja mwenye miaka themanini na kitu, ambaye sisi watoto tulimwita Shangazi wa Ukutani. Ni shangazi kwa njia gani, hatukuwahi kuambiwa. Ukiuliza ulijibiwa, "Ni ndugu."

Nilipoanza kutafuta karatasi, Baba Mkubwa alinitolea kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za kodi ya nyumba, zimekunjwa mara nne, ya zamani kabisa ikiwa ya mwaka 1926. Nilifurahi kama aliyeokota pembe. Mjerumani ndiye aliyeanzisha kodi ya nyumba mwaka 1897, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida, na Mwingereza akaiendeleza kwa shilingi. Watu waliichukia kodi ile, na walikuwa na haki. Ila ilikuwa na tabia moja ambayo watoza kodi hawakuikusudia: ilihesabu nyumba, na nyumba ikihesabiwa mwenyewe huandikwa. Mwanamke aliyevukishwa ziwa bila jina, mama yake Bibi, akawa na karatasi ya serikali yenye jina lake.

Jina lenyewe: fulani binti Abdallah. Hapo furaha yangu ikapungua. Abdallah ni mtumwa wa Mungu, kila mja ni mtumwa wa Mungu, na aliyesilimu bila baba anayejulikana aliandikwa Abdallah kama baba yake. Ukiwakusanya akina binti Abdallah wa Ujiji wa miaka ile wangejaza msikiti. Jina lile lilinieleza alikuwa nani, hapo hapo likafuta alikotoka.

Karani aliisoma stakabadhi akasema, na kwa kweli hakukosea, "Hii inaonyesha kwamba mama yake Bibi alikuwa na nyumba hapa 1926. Haionyeshi kwamba Bibi alizaliwa hapa miaka minane kabla."

Kwa hiyo ikabidi turudi nyuma zaidi ya karatasi, kwenye swali ambalo nyumbani halikuwahi kuulizwa kwa sauti: mwanamke yule alipataje nyumba?

Haya ndiyo niliyoyakusanya, kipande kwa Baba Mkubwa, kipande kidirishani. Alivushwa akiwa msichana mdogo, miaka ya mwisho ya nguvu za akina Rumaliza, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyeushika mji baada ya Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, yaani wa pwani, kufariki mwaka 1885. Aliuzwa kwa mtu wa pwani ambaye nyumbani hujulikana kwa jina la Mzee wa Mrima tu. Wajerumani waliweka boma Ujiji mwaka 1896, na watu hudhani siku ile utumwa uliisha. Haukuisha. Mjerumani alizuia biashara, hakuwafungua waliokwisha kununuliwa. Aliamua tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa kuanzia mwaka 1906 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria ya Mwingereza ya mwaka 1922. Katikati hapo mtu alijikomboa kwa fedha, au alitoroka, au alibaki palepale huku bwana akizidi kufukarika mpaka amri yake ikawa ya mdomo tu.

Na mabwana wa Ujiji walifukarika kweli. Kwanza ziwa. Kwa muda mrefu mto Lukuga, njia pekee ya maji ya Tanganyika kutoka, ulikuwa umeziba kwa matope na majani, maji yakapanda. Miaka ya 1870 ikielekea mwisho kizuizi kilipasuka, ziwa likashuka mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Ujiji ina ufuko wa kina kifupi, kwa hiyo kushuka kidogo tu kunausogeza mwalo mbali. Ndiyo maana leo mahali pa Livingstone pako ndani ya mji, ukisimama pale unashangaa mitumbwi ilifungwa wapi. Halafu ikaja reli. Mjerumani alitaka bandari yenye kina, akaipata kwenye ghuba ya Kigoma, mwendo wa kilomita 8 hivi kaskazini. Treni kutoka Dar es Salaam ilifika huko Februari 1914. Msafara wa miguu wa miezi mitatu ukawa safari ya siku chache, na Ujiji ikawa nje ya njia.

Wanaoandika juu ya Ujiji hupenda kumalizia hapo: mji ukafa. Nadhani wanasoma hesabu za mabwana. Kwa mtumwa, reli ile ilikuwa soko. Bibi mzaa Bibi yangu aliwauzia wajenzi mihogo ya kuchemsha na dagaa wa kukaanga kwa mawese, akitembea kilomita zile nane alfajiri na kurudi jioni, yeye na mwenzake mmoja. Kijichungu chao kilikuwa kimoja. Fedha hiyo ndiyo iliyonunua fito, na kumlipa mkandikaji, na kumpa Mzee wa Mrima kitu cha kumtuliza. Nyumba ilikuwa imesimama kabla Mbelgiji hajafika. Reli iliyouangusha mji wa misafara ndiyo iliyowajengea wale wanawake wawili nyumba. Mtaa mzima umejaa nyumba za aina hii, na ndizo zilizobaki wakati majumba ya mabwana yamekuwa vichuguu. Aliyejenga ili awe muungwana hahami kwa sababu treni imesimama kwingine.

(Walikuwapo waliokwenda mbali zaidi ya nyumba. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1931, alitolewa Manyema akiwa mtoto mtumwa, akawa khalifa mkubwa wa tarika ya Kadiria na liwali wa mji. Ukienda na hoja ya mtu mkubwa kama huyo karani anatikisa kichwa kwa heshima. Bibi mzaa Bibi hakuwa na tarika ya kumtaja.)

Turudi kwa yule mwenzake. Kumbe ndiye bibi yake Shangazi wa Ukutani. Nyumba ilikuwa yao wote wawili, ikagawanywa walipoolewa, na kidirisha kikaachwa. Shangazi alisikia kwa bibi yake mwenyewe kwamba Bibi alizaliwa chumba cha mwisho, kile cha uani, usiku ambao askari wa Mbelgiji walikuwa wakipita kutafuta mapagazi, na kwamba aliyemkata kitovu ni yeye, na kitovu kilizikwa palepale chini ya mnazi ambao sasa haupo. Mtu aliye hai, mwenye akili timamu, anayejua jambo hilo kwa mdomo mmoja tu katikati! Nilimwandalia kiapo siku ileile.

Tukaenda wanne: mdogo wangu, mimi, Baba Mkubwa kwa fimbo yake na kofia ya hariri, na Shangazi ambaye tulimpandisha bajaji kwa taabu. Ofisini akasimulia vizuri kuliko nilivyomwandikia. Karani alikuwa mwingine safari hii, kijana mpole, akamwita "bibi" na kumtafutia kiti chenye mgongo. Akaandika, akaandika, kisha akainua kalamu.

"Sasa bibi yako alikuwa nani kwa mama yake marehemu? Dada yake?"

Shangazi akaangalia sakafu.

"Ndugu," nikasema mimi.

"Ndugu kwa baba au kwa mama? Maana majina ya baba yanafanana, Abdallah na Abdallah, lakini hapa mmesema mmoja katoka Ubwari na mwingine mbali zaidi."

Karani alikuwa anafanya kazi yake. Kiapo chenye ndugu wa uongo kingetupwa, na miezi yote ile ingerudi mwanzo. Nilijua neno linalotakiwa. Nimelifundisha darasani, nimeliandika ubaoni. Mdomoni halikutoka. Nyumbani kwetu neno lile halijawahi kusemwa mbele ya mtu wa nje, na nina hakika hata Bibi alikufa akidhani wajukuu hatujui.

Baba Mkubwa akavua kofia, akaiweka gotini.

"Mjoli," akasema. "Walikuwa wajoli."

Kijana hakulijua neno. Akauliza linaandikwaje, Baba Mkubwa akamtajia herufi moja moja. Akauliza maana yake nini.

"Walionunuliwa na bwana mmoja," Baba Mkubwa akasema. "Wakajenga nyumba moja."

Shangazi wa Ukutani akajifuta macho kwa ncha ya kanga, halafu akamwambia karani aandike pia kwamba mnazi uliangushwa na upepo, haukukatwa, watu wasije wakasema tuliuza.

Hati ilitoka wiki ya tatu. Niliisoma pale pale kaunta, mstari kwa mstari, kwa mazoea ya kusahihisha. Mahali pa kuzaliwa bibi mzaa baba: Ujiji. Mwaka: 1918, kwa kukadiria. Kwenye nafasi ya kabila lile jibu la siku ya kwanza lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake, kwa mwandiko wa yule kijana mpole ambaye bila shaka alikuwa anatusaidia, imeandikwa: Muha.

Mdogo wangu aliniangalia. Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu. Akachukua kalamu, akasaini.